Ubani kwenye Pua ya Difu

Mwezi uliopita tulimzika Abti Dagane, kaka wa mama yangu, na kwa siku tatu nyumba yake ya Garissa haikuwa na pa kuweka mguu. Wanaume walikaa uani kwenye mikeka, wanawake tukabanana vyumbani. Siku ya pili nilikuwa jikoni nikichuja chai, pazia tu likinitenga na ua, nikasikia sauti ya Fundi Kioko. Nilikuwa nimemwona akiingia na shati lililopigwa pasi, kucha zake bado na ule weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. "Mzee alikuwa mkali," aliwaambia wenzake wa mkekani, "lakini kuna siku alinitukana mbele ya watu, na siku hiyo hiyo akaniomba radhi mbele ya watu wale wale. Ni wangapi wanaweza?" Mtu mmoja akamuuliza kosa lilikuwa la nani. "La gari," akasema. "Gari ilikuwa na ugonjwa wake." Nilisimama na chujio mkononi mpaka chai ikaniunguza kidole. Gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na yeye aliyekaribia kulibeba alikuwa ananisitiri mbele ya wageni wasioijua habari hiyo. Nimeona niiandike mwenyewe.

Nina daftari la mwaka wa kisa hicho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, nikikaa kwa abti kwa sababu shule ilikuwa karibu, na niliandika kila siku kwa kuwa unapoandika hakuna anayekukatiza. Nilikuwa na haya ya ajabu. Darasani nilijua majibu lakini mkono haukupanda. Mtu akiniuliza jambo, nilitafuta neno fupi litakalomfanya aniache, na neno hilo mara nyingi lilikuwa "ndiyo". Umeelewa? Ndiyo. Umekula? Ndiyo, hata kama sijala. Sasa nikisoma daftari lile naona jinsi nilivyojisifia upole. Nimeandika mahali, "Leo sikumsumbua mtu." Sikujua kwamba ndiyo ya uongo ni usumbufu unaosubiri zamu yake.

Mambo yalianza kwenye laga, mto mkavu ulio njia ya kutoka Hulugho, ambao mvua ikinyesha mbali huko hujaa ghafla ukawazuia watu pande zote mbili. Ilikuwa masika. Tulikuwa tunarudi na pikapu ya abti, yeye kwenye usukani, mimi na mkewe Sahra, niliyemwita Eedo kwa heshima, tukiwa tumebanana kando yake. Maji yalifika mapajani. Juu ya ekseli ya nyuma, karibu na lile bonge la chuma ambalo mafundi huliita difu, kuna kitundu kidogo chenye kikofia. Madereva wa njia ile hukiita pua, maana difu hupumulia hapo. Pua ikinywa maji, mafuta ya ndani huharibika na meno ya difu hulika. Kwa hiyo kabla ya kuvuka mtu hutafuna ubani mpaka ulainike, akaukandika chini ya kikofia, na akifika ng'ambo hicho ndicho kitu cha kwanza anachotoa. Mgongo wa abti ulikuwa umekwisha, hakuweza tena kuingia chini ya gari. Nikatafuna ubani, uchungu wake ukanijaa hadi kooni, nikaingia, nikaziba. Nilifurahi kwamba nimefaa kwa kitu.

Ng'ambo kulikuwa na vijana saba wamekaa juu ya lori wakingoja maji yapungue. Nilikuwa nimelowa kwa kuvuka kwa miguu mbele ya gari, baibui limeninata mwilini. Mmoja wao alisema neno, wakacheka, na mpaka leo sijui kama walinicheka mimi. Abti alikuwa upande wa pili akikaza turubai. Akaniita, "Naa, Hodan, umetoa?" Nilitazama ile ardhi ya matope ambayo ningepaswa kuilalia mbele ya vijana wale saba. "Nimetoa," nikasema. Nilijiambia nitatoa nyumbani. Nyumbani kulikuwa na wali na nyama ya mbuzi na ndizi, nikala nikalala, na asubuhi nilikuwa nimesahau kama mtu anavyosahau kitu asichotaka kukikumbuka.

Wiki tatu baadaye Eedo Sahra alikuwa anafagia mlangoni. "Dagane," akaita, "gari yako imekojoa kwangu." Palikuwa na doa jeusi chini ya gurudumu la nyuma la kushoto, na upande wa ndani wa tairi mafuta yalikuwa yameshuka kwa michirizi. Abti alilipeleka gari kwa Kioko, fundi Mkamba aliyekuwa amekaa Garissa miaka kumi na moja, akifanya kazi kwenye ua wa mabati njia ya kwenda soko la mifugo. Mimi ndiye niliyempelekea abti chakula cha mchana siku za likizo, kwa hiyo niliyaona mengi. Kioko alipaka yale mafuta kwenye kidole akaninyooshea. "Nusa, dada." Nikanusa, nikarudi nyuma. "Yai bovu, si ndiyo? Hayo ni ya difu. Ya breki ni mepesi na hayanuki hivi. Ukikosea hapo utafungua gari yote bure." Alitoa gurudumu, akatoa dramu ya breki, akafungua nati akavuta ekseli, chuma kirefu kama mwiko wa jitu, akanionyesha sili: pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoshika ekseli ili mafuta yasipite kwenda kwenye breki. Mdomo ulikuwa umekauka kama biskuti. "Imezeeka," akasema. Akaweka mpya. Niliandika yote hayo usiku huohuo, nikachora na sili yenyewe. Sikuandika habari ya ubani, kwa sababu sikuuhusisha na lolote.

Baada ya siku tisa gari lilirudi. Upande uleule. Jele, mchomeleaji wa ua ule, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni, alivua miwani yake ya moto, akasema kwa Kiswahili chetu Wasomali, ambacho p huwa b, v huwa f, na "inakuja" huwa "nakuja". "Kioko, hii gari ni bibi yako wa bili? Naona nakuja kwako kila wiki." Kioko hakucheka. Alipitisha ukucha polepole pale sili inapokalia, maana ekseli ikiwa imechimbika mfereji ukucha hunasa. Haukunasa. Alishika ekseli akaitikisa kuangalia kama beringi imelegea. Haikulegea. Akaweka sili ya pili, akaipigilia taratibu kwa kipande cha bomba ili isiingie upande. Gari likaondoka. Mara ya tatu lilirudi likivuja kushoto na kulia.

Siku hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, chupa ya chai miguuni, nikisikiliza bila kusikiliza. Kioko alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Mzee, pande zote mbili zikilia pamoja, ugonjwa si sili. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inavimba. Ikikosa pa kutokea inasukuma mafuta mahali padhaifu, na padhaifu ni sili. Pua iko wazi?" Hapo nikaukumbuka ubani. Abti alisema, "Bua iko wazi. Tulifuka laga, huyu mtoto akaziba, huyu mtoto akatoa." Akanigeukia. "Hodan, si ulitoa?" Wanaume watano walinitazama. Abti alikuwa amekwisha kusema, kwa sauti ya fahari, na nilijua kwamba nikisema hapana nitakuwa nimemfanya muongo mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa tu. "Ndiyo," nikasema.

Nimefikiria sana kwa nini Kioko hakuingia chini mwenyewe akaigusa pua. Angemaliza kila kitu kwa kidole kimoja. Lakini kwetu neno la mtu wa nyumba likishatolewa mbele ya watu, mgeni anayekwenda kulipima amewaita wote waongo. Kioko alikuwa amekaa nasi miaka ya kutosha kulijua hilo. Alichungulia tu kwa mbali, akaona kikofia kimefunikwa na matope makavu, kiko mahali pake. Tena gari lililetwa kwake jioni na yeye alilifanyia kazi asubuhi, likiwa limepoa, hewa ya ndani imelala, kwa hiyo hakuna kilichomwonya. Akaniamini. Akaweka sili mpya pande zote mbili, akaosha breki kwa petroli, akasema labda sili za duka lile ni mbovu.

Nyumbani, chumba changu na sebule vilitengwa na ukuta wa mbao nyembamba. Adhuhuri ya siku moja, jua likiwa kali hata mbuzi wamenyamaza, nilimsikia abti akimwambia mkewe, "Yule mtu ananichezea. Anaweka sili za kuokota." Eedo Sahra alikuwa anakatakata nyama ya kukausha ya nyirinyiri, kisu kikigonga ubao. Alikuwa amepata habari kwamba mama yake anaumwa Hulugho na angesafiri na gari Alhamisi. "Kioko si mwizi," akasema. "Mwizi hawezi kukaa miaka kumi na moja sehemu moja." Abti akajibu, "Basi nani? Gari haijilogi yenyewe." Kisu kikaacha kugonga. "Mimi nitapanda gari hiyo Alhamisi, Dagane. Niambie kama itasimama ikihitaji kusimama." Upande wa pili wa mbao nilikuwa nimekaa na kalamu, na daftari la siku ile lina mstari mmoja: "Nitasema kesho." Mstari huo uko pia kurasa mbili mbele.

Jumatano abti alinipitia shuleni. Tulipofika mteremko wa kuingia soko la mifugo, mkokoteni wa punda wenye mitungi ya maji ulikatiza. Abti alikanyaga breki. Gari halikushika, likateleza na kuvutwa kushoto, akakanyaga tena kwa miguu yote miwili, na ile harufu ya yai bovu, sasa ikiwa imeungua, ikapanda hadi ndani. Mwenye punda aliruka. Tuligonga nyuma ya mkokoteni, mitungi ikamwagika, punda akaanguka kwa magoti kisha akasimama akitetemeka. Hakuna aliyeumia. Abti alishuka akamshika yule mtu mabega yote mawili, akimtazama juu hadi chini, huku akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kama anayehesabu viungo vyake. Mimi nilibaki ndani nimeshika kishikio cha mlango.

Alhamisi kabla ya adhuhuri gari lilikuwa kwenye ua wa Kioko, moto, limetoka kuzunguka mjini kukusanya mizigo. Abiria walikuwa wamekaa juu ya magunia kwenye kivuli cha mabati, Eedo Sahra kati yao na kikapu chake cha dawa za mama yake. Nilikuwa nimeruhusiwa kukosa shule nimsindikize, na nilikuwa nimeleta chai. Gurudumu la kulia lilikuwa limetolewa, na dramu ilikuwa imelowa chapachapa. Abti aliinua sili ya zamani kutoka chini, akaishika mbele ya uso wa Kioko.

"Mimi nafikisha watu Hulugho na hii gari. Wamama, watoto. Wewe nachukua sili ya jalalani, nachemsha na sabuni, naweka kwa baketi mbya. Jana karibu nimeua mtu."

"Mzee, naapa kwa watoto wangu, hiyo nilifungua ukiona."

"Usiabe. Nimeongea na mwenye ua. Fungasha fitu yako. Kabla ya alasiri uwe umetoka, na Garissa nzima itajua kwa nini."

Sote tulijua maana ya maneno yale. Fundi wa kutoka mbali akishaitwa mwizi na mtu kama abti, hapati ua mwingine mjini, na huenda asingoje kuambiwa mara ya pili. Kioko alitandika gunia chini akaanza kupanga spana zake. Kila moja aliifuta kwa kitambaa kabla ya kuiweka, kubwa kwa ndogo, taratibu, kama vile kuna mtu atakayezikagua. Nilihesabu sita. Alipoinua ya saba nikasema, kwa Kisomali, "Abti, sikutoa."

Jenereta ya Jele ilikuwa inanguruma. Abti hakusikia vizuri. "Unasema nini?" Kwa hiyo nilipewa nafasi nyingine ya kurudi nyuma, na nakiri kwamba neno "si kitu" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilimtazama Eedo Sahra na kikapu chake. Alikuwa amekaa karibu zaidi, na alikuwa amenisikia. Hakunipa ishara yoyote, alinitazama tu. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Ubani. Sikuutoa. Uko kwenye pua tangu tulipovuka laga. Nilidanganya mara mbili."

Jele alizima jenereta. Abti alinikodolea macho kwa muda ambao daftari langu linauita saa nzima, ingawa haukuwa hata dakika. Kioko aliuliza, "Anasema nini?" Abti akanijibu mimi, si yeye, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Rudia kwa Kiswahili. Nilimtukana kwa Kiswahili."

Nikarudia. Kiswahili changu cha darasani kiliniacha, nikachanganya kila kitu, nikasema "pua yake nilifunga, sijafungua, uongo ni yangu". Kioko aliitua ile spana ya saba. Hakukasirika, na hilo lilinichoma kuliko kofi. Alivuta waya mwembamba kutoka kwenye sanduku akanipa. "Ingia utoe. Geuza uso pembeni, iko moto."

Nikalala chali kwenye vumbi na mafuta, nikajisukuma kwa visigino mbele ya abiria wote na mafundi wote na mtu yeyote aliyetaka kuangalia. Niliyaondoa matope kwa ukucha. Ubani ulikuwa umeyeyuka kwa joto ukazama ndani, kisha ukashika kama jiwe. Niliuchokoa kipande kwa kipande. Kisha difu ilipumua, pumzi ndefu ya moto iliyonuka, ssss, ikanipulizia ukungu wa mafuta shavuni. Nje nilimsikia Jele akisema polepole, "Kumbe ilikuwa nashika bumzi miezi miwili." Na sauti ya Kioko, kama anayejisemea: "Na mimi fundi mzima sikuweka kidole."

Nilipotoka, abti alikuwa amesimama mbele ya Kioko. Alikuwa mrefu kuliko yeye, lakini wakati ule hawakuonekana hivyo. "Kioko. Wewe si mwizi. Mimi nimekufunjia heshima mbele ya hawa, na mbele ya hawa nakupa haal. Mbuzi, uchague mwenyewe kwa zizi yangu." Haal ni kile tunachotoa kwa mtu tuliyemvunjia heshima, na haikataliwi. Kioko alijua. Alifuta mkono wake kwenye suruali akampa. "Nimekubali, mzee. Lakini mbuzi nitaweka wapi, mimi nakaa chumba kimoja?" Jele akasema, "Weka kwa tumbo," na abiria mmoja akacheka, kisha wengine. Abti alimpigia mwenye ua palepale.

Kazi ilichukua mpaka karibu alasiri. Vitambaa vya breki vilivyokunywa mafuta havioshwi vikapona, Kioko alivitupa vyote akaweka vipya, akasugua dramu, akaingiza sili pande zote mbili, mdomo ukitazama mafuta. Mimi nilishika taa, nikapitisha nati, uso wangu bado mweusi upande mmoja. Abiria walisali, wakarudi kwenye magunia. Mwisho alikuwa anajaza oili ya difu kwa bomba, kupitia tundu la pembeni, na abti akaja akasimama juu yetu, funguo mkononi. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa linaondoka.

"Imejaa?" akauliza.

Kioko alichomoa bomba. Hakuinama kuangalia. "Muulize Hodan. Yuko karibu."

Abti aliugeuza uso wake kwangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilijua jibu alilolitaka. Nilijua pia kwamba watu wote pale walikuwa na haraka, kwamba Eedo Sahra alikuwa ameshapanda, na kwamba neno moja fupi lingetuondoa sote. Niliingiza kidole kwenye tundu. Mafuta yanapaswa kufika mdomoni mwa tundu. Mimi nilikunja kidole kuelekea chini na nikayagusa kwa ncha tu.

"Bado," nikasema. "Imepungua hivi." Nikamwonyesha pingili ya kidole.

Abti alikitazama kidole kile. Kisha akaziweka funguo mfukoni, akajishikilia mgongo, akakaa polepole kwenye ile ndoo iliyopinduliwa. "Basi ongezeni," akasema. "Tutangoja."